Kwa Nini Askari Wadogo wa Nchi Nyingine Hawana Wanunuzi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo wakusanyaji wa vijisanamu vya askari hapa Uganda, hasa wanaoanza, huniuliza kila mara. Mengi yanatokana na jambo moja: mtu anatafuta askari wa jeshi fulani mpaka anachoka, kisha muuzaji anamwambia kwamba jeshi hilo halina soko. Nimejibu kwa urefu pale penye mengi ya kusema, na kwa ufupi pasipo na mengi.

Vijisanamu vya askari ni vitu gani hasa?

Ni sanamu ndogo za wanajeshi, za risasi, bati, plastiki au rezini, zinazotengenezwa kwa kipimo maalumu na kupakwa rangi za sare halisi. Kipimo cha zamani kinachojulikana zaidi ni milimita 54 kwa mtu aliyesimama. Kilienezwa na kampuni ya William Britain ya London, ambayo mwaka 1893 ilianza kumimina askari wa risasi wenye uwazi ndani. Madini yaliyotumika yalipungua, bei ikashuka, na viwanda vya Kijerumani vilivyokuwa vimeishika biashara hiyo vikapata mshindani wa kweli. Leo kuna pia milimita 28 kwa wanaocheza michezo ya vita mezani, 1/72 (yaani mara 72 ndogo kuliko kitu halisi) za plastiki zinazouzwa kwa boksi, na 1/35 za wanaojenga mifano ya vifaru vya vita.

Majeshi gani yanapendwa kuliko yote?

Wafaransa wa Napoleon, Waingereza wa koti jekundu, pande zote mbili za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865), Wajerumani wa Vita Vikuu vya Pili, na Warumi. Fungua katalogi ya muuzaji yeyote mkubwa wa Ulaya, hao ndio watakaokupokea mlangoni.

Kwa nini basi mengine yanaachwa?

Sababu ya kwanza ni pesa, na kwangu mimi ndiyo inayozibeba nyingine zote. Kalibu ya chuma ya kumiminia plastiki ni ghali mno. Kiwanda hakiwezi kuitengeneza kwa ajili ya watu wachache. Lazima kiuze maboksi kwa maelfu ndipo kirudishe gharama. Kwa hiyo swali la mwenye kiwanda huwa ni "nani atanunua?", na kwa muda mrefu mnunuzi alikuwa mtoto wa Uingereza, Marekani, Ufaransa au Ujerumani mwenye pesa kidogo mfukoni. Airfix, kampuni ya Uingereza, walipotoa seti yao ya kwanza ya askari wadogo wa plastiki mwaka 1959, walichagua bendi ya walinzi wa kifalme wa Uingereza. Walimjua mteja wao.

Ukitaka ushahidi kwamba mnunuzi na mtengenezaji ndio wanaoamua, tazama kilichotokea baada ya viwanda kuhama. Kwa miaka mingi, askari na magari ya China yalikuwa haba sana katika soko la dunia, ingawa China ilipigana na Japani tangu 1937 hadi 1945, vita virefu kuliko vile vya nchi nyingi za Ulaya. Kampuni za Kichina kama Trumpeter zilipokua, vifaru vya China vikaanza kujaa madukani. Mashariki ya Ulaya ni hivyohivyo. Baada ya mwaka 1989 zilikuja Zvezda ya Urusi, ICM na MiniArt za Ukraine, IBG ya Poland, na ghafla mtu akaweza kununua mpiga mzinga wa Kisovieti au lori la Kipolandi bila kuhangaika. Ushujaa wa askari hao ulikuwa uleule wa 1945. Kilichobadilika ni kwamba watu wao wenyewe walipata mashine.

Sababu ya pili ni hadithi. Watu hununua vita wanavyovijua tayari. Chukua Waterloo, vita vilivyommaliza Napoleon, tarehe 18 Juni 1815. Jeshi la Wellington, jenerali wa Uingereza, lilikuwa na watu wapatao 68,000, na Waingereza walikuwa kidogo zaidi ya thuluthi moja. Waliobaki walikuwa Waholanzi, Wabelgiji, watu wa Hanover, Brunswick na Nassau. Wakaja Waprusia wa Blücher jioni wakaimaliza kazi. Lakini hadithi iliyosimuliwa shuleni Uingereza ni ya koti jekundu, na vijisanamu vikafuata hadithi. Mtu wa Nassau mwenye koti la kijani hujulikana na wataalamu tu.

Tatu ni sare. Hapa siwezi kuwalaumu wakusanyaji. Hussar (askari mwepesi wa farasi) wa Kifaransa ana kofia ya manyoya, koti la kamba za dhahabu, koti jingine limening'inia begani, na suruali ya rangi ya tatu. Anafurahisha kumpaka rangi kwa wiki nzima. Askari wa kaki wa mwaka 1916 ukimtazama juujuu ana rangi moja kuanzia kofia hadi kiatu. Majeshi mengi ya Afrika, Asia na Amerika ya Kusini yaliyopigana karne ya 20 yalivaa kaki au kijani, kwa hiyo yalianza mbio yakiwa nyuma.

Nne ni picha. Mchonga sanamu anahitaji kujua vifungo viko wapi, mkanda unapita vipi, mfuko wa risasi una vifuniko vingapi. Kuhusu walinzi wa Napoleon kuna vitabu vya michoro vya kujaza kabati. Kuhusu wapiganaji wa ufalme wa Bunyoro wa Kabalega kuna maandishi ya wageni, picha chache, na vitu vilivyobaki makumbusho. Mchongaji wa Madrid au Nottingham hawezi kubahatisha, kwa hiyo anachagua kazi anayoijua.

Si kwa sababu majeshi hayo yalishindwa vitani?

Hapana. Kushindwa hakumwondoi mtu kwenye kabati la mkusanyaji. Napoleon alishindwa. Majimbo ya Kusini ya Marekani yalishindwa. Ujerumani ilishindwa mara mbili, na bado Wajerumani wa 1939–1945 ndio wanaouzwa zaidi katika vipimo vya kisasa.

Kinachoumiza ni kudharauliwa. Waitaliano ndio mfano wangu. Kwa miongo mingi wamesimuliwa kwa Kiingereza kama watu waliokuwa wepesi wa kusalimu amri, na askari wao wa Vita Vikuu vya Pili wakapewa nafasi finyu katika katalogi. Wakati huohuo kikosi chao cha Gondar, Ethiopia, kilipigana mpaka Novemba 1941, na baadhi ya waliotumwa kukivunja walikuwa askari kutoka Afrika Mashariki. Babu zetu waliwajua Waitaliano hao uso kwa uso na hawakuwaona kuwa kichekesho.

Basi ni wingi wao, au kazi waliyoifanya vitani?

Pia hapana. Kifaru cha Tiger I cha Ujerumani kilitengenezwa takriban 1,350 tu. Valentine ya Uingereza ilitengenezwa zaidi ya 8,000, ikapigana jangwani na nyingine nyingi zikapelekwa Urusi. Hesabu maboksi ya Tiger dukani, kisha utafute Valentine. Tiger ina umbo la kutisha na sifa ya kutisha, na kipande halisi kilichotekwa Tunisia mwaka 1943 kingali kinatembea katika makumbusho ya Bovington, Uingereza, watu wakipanga foleni kukiona.

Kwa nini askari wa Afrika ni wachache madukani?

Kwa sababu zote nilizotaja, zikiongezewa moja: Mwafrika amekuwa akitengenezwa kama adui wa mtu mwingine. Wazulu wanapatikana kwa urahisi kwa kila kipimo, kwa sababu Isandlwana na Rorke's Drift (22–23 Januari 1879) ni hadithi ya Waingereza, na filamu ya mwaka 1964 kuhusu Rorke's Drift iliipeleka duniani kote. Wapiganaji wa Mahdi wa Sudan wanapatikana kwa sababu walipigana na majenerali wa Kiingereza, Gordon na Kitchener. Ruga-ruga (wapiganaji wa kukodiwa wa bara) na Waazande wapo katika milimita 28 kwa sababu ya wachezaji wanaopenda safari za wapelelezi wa Kizungu kama Stanley. Lakini falme zilizopigana zenyewe kwa zenyewe, kwa sababu zao wenyewe, ni nadra kuonekana.

Mfano ambao hunisikitisha ni jeshi la majini la Buganda. Mwaka 1875 Stanley alimkuta Kabaka Mutesa I akipigana na watu wa Buvuma, na akaona mitumbwi ya vita kwa mamia ziwani Nyanza. Ilikuwa mitumbwi ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi, yenye mkuki mrefu wa mbao uliochomoza mbele, na juu yake pembe za mnyama na manyoya. Ningekuwa na kiwanda, hiyo ndiyo ingekuwa seti yangu ya kwanza.

Tusiwaonee watengenezaji wa zamani lakini. Britains, ndiyo kampuni ileile ya William Britain, walitoa seti ya King's African Rifles (KAR), kikosi cha Waingereza cha askari wa Kiafrika wa huku kwetu, kati ya vita vikuu viwili. Na Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935, Britains haohao walitoa askari wa Ethiopia pamoja na Waitaliano, kwa sababu habari hiyo ilikuwa kwenye kila gazeti.

Nasikia seti zisizopendwa ndizo ghali. Inawezekanaje?

Kisichouzwa leo hakitengenezwi tena kesho. Seti iliyokaa rafuni mwaka 1936 ilitolewa kwa idadi ndogo, ikafutwa mapema, na nakala zilizobaki na boksi lake ni chache. Mkusanyaji wa leo aliyekwisha kumaliza walinzi wote wa kifalme anaitafuta hiyo kwa hamu. Hivyo kuna aina mbili za "kutopendwa": kukosa wanunuzi ilipokuwa mpya, na kukosa wanunuzi sasa. Usizichanganye unapopanga bei.

Ila usinunue kwa tamaa ya kuja kuuza. Soko la wazee wa Ulaya waliokua na askari wa risasi linapungua mwaka hadi mwaka. Nunua unachotaka kukitazama.

King's African Rifles walikuwa nani, na tuwavalishe nini?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. KAR iliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Afrika ya Kati, Afrika Mashariki na Uganda Rifles. Batalioni ya 4 ilikuwa ya Uganda, na miongoni mwa watu wake wa mwanzo walikuwa Wasudani waliokuja na jeshi la Emin Pasha, gavana wa Equatoria, ambao vizazi vyao ni Wanubi wa Bombo. Amri zilitolewa kwa Kiswahili, ndiyo maana hadi leo kambi zetu zinaongea lugha hii.

Katika Vita Vikuu vya Kwanza KAR ilikua hadi batalioni 22, ikimfukuza von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, mpaka aliposalimu amri Abercorn, sasa Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Ukimtengeneza askari wa wakati huo, mpe kaptula ya kaki, shati la kaki au sweta ya bluu iliyokoza, kofia yenye kitambaa cha kufunika shingo, vitambaa vilivyozungushwa kwenye miguu kuanzia kifundo hadi chini ya goti, na miguu mitupu au ndala za ngozi. Tarbushi ni ya gwaride. Kampuni moja ya ng'ambo iliniuzia askari wa KAR wa 1916 wakiwa na buti nzito za Kiingereza. Nilipomwonyesha mzee mmoja wa Bombo, ambaye baba yake alitumikia batalioni ya 4, alimshika kati ya vidole viwili, akamgeuza, akauliza, "Mwanangu, huyu wamempa viatu vya nani?"

Katika Vita Vikuu vya Pili mambo yanabadilika. Batalioni ya 4 ilikuwa Burma ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya kichwa cha kifaru, yule mnyama mwenye pembe. Divisheni hiyo ilishuka bonde la Kabaw kwenye mvua na tope, na Desemba 1944 ikafika Kalewa na kuvuka mto Chindwin. Hapo wana buti, sare ya kijani ya msituni na kofia pana ya kitambaa kigumu.

Je, nawezaje kumgeuza askari wa nchi nyingine kuwa wa KAR?

Kwa Burma ni rahisi. Nunua Wagurkha (askari wa Nepali katika jeshi la Uingereza) au Waaustralia wa Vita Vikuu vya Pili, kwa kuwa mavazi yanakaribiana. Tatizo ni kichwa. Nyuso nyingi za boksini zimechongwa kwa sura ya Kizungu, na kuipaka rangi nyeusi hakumfanyi mtu kuwa Mwacholi. Tafuta vichwa vya ziada vya rezini, au jaza pua na midomo kwa tone la putty ya epoksi ukitumia ncha ya sindano iliyoloweshwa maji.

Kuhusu ngozi: acha chupa nyeusi mezani. Weka mkono wako juani, utazame. Utaona hudhurungi, wekundu kwenye vifundo, rangi nyepesi kiganjani, na mng'ao wa karibu buluu pale mwanga unapogonga. Anza na hudhurungi iliyokoza yenye tone la nyekundu, iache ikauke, kisha inua paji la uso, mashavu na daraja la pua kwa rangi ileile iliyoongezwa chungwa kidogo. Usiongeze nyeupe, itamfanya aonekane amepakwa majivu. Batalioni moja ilikuwa na watu wa Kaskazini, Mashariki na Magharibi ya nchi, kwa hiyo usimpake kila mmoja rangi ya mwenzake.

Vitambaa vya miguuni vya mwaka 1916 hutengenezwa kwa karatasi laini ya tishu. Kata utepe wa milimita moja, uchovye kwenye gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, uzungushe kutoka chini kwenda juu, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Ukikauka unakuwa mgumu na unapokea rangi vizuri.

Wabeba mizigo je? Wao si askari.

Ni watu wa vita, na wanastahili kabati. Kampeni ya 1914–1918 katika Afrika Mashariki ilitembea juu ya vichwa vya wapagazi, kwa kuwa mbung'o waliua wanyama wa kubeba. Waliokufa upande wa Waingereza pekee hukadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina lao la Kiingereza, Carrier Corps. Kikosi kimoja cha KAR chenye bunduki ya rashasha ya Lewis kikiwekwa mezani bila mstari wa wapagazi nyuma yake kimedanganya nusu ya historia. Watengeneze. Shuka kiunoni, sanduku la risasi kichwani juu ya kata ya majani, hakuna silaha.

Vipi kuhusu jeshi letu baada ya uhuru?

Magari ni rahisi. T-55 hutengenezwa na Tamiya, Takom na MiniArt, na T-90 inapatikana pia. Wanadamu ndio kazi. Askari wa UPDF waliokwenda Mogadishu kuanzia Machi 2007 utalazimika kuwakusanya vipandevipande: mwili kutoka boksi moja, helmeti kutoka jingine, bunduki kutoka la tatu.

Kwa picha, tumia magwaride ya wazi ya 9 Oktoba na Tarehe Sita, ambayo vyombo vya habari huyapiga picha kwa ukarimu. Usisimame nje ya kambi ukiwa na kamera. Hakuna kijisanamu kinachostahili mazungumzo hayo na afande wa getini.

Kukusanya askari wa utawala katili si kuutukuza?

Inategemea unachokionyesha. Ujerumani inakataza alama ya swastika kuonyeshwa hadharani, isipokuwa kwa malengo kama elimu, sanaa na historia, na watengenezaji wengi huiondoa kwenye boksi na kwenye dekali (vibandiko vya alama). Hapa kwetu jambo liko karibu zaidi. Miaka ya 1971–1979 bado ina wajane na yatima wanaoishi mtaa mmoja na sisi. Mimi nina askari wa wakati wa Amin katika mandhari ya vita vya Kagera, na mbele yao nimeweka wakimbizi wenye magodoro. Sitawapanga kwenye gwaride wakiwa wamepambwa. Mgeni akiingia nyumbani, atazame kabati lako akijua umesimama upande gani.

Vifaa tunapata wapi Uganda?

Vijisanamu vyenyewe huagizwa nje. Weka akilini ushuru na muda wa posta. Vilivyobaki vipo: gundi, wembe, sindano na brashi nyembamba za wasanii Kampala mjini, waya na mabaki ya shaba kwa mafundi wa Katwe, na wachapishaji wa Nasser Road wanaweza kukutolea bendera ndogo kwenye karatasi nyembamba. Chapisha bendera pande zote mbili kwa mkunjo mmoja, uikunje ikiwa ingali na gundi mbichi ili ipate mawimbi ya upepo.

Printa za 3D za rezini zinabadilisha hesabu yote niliyoieleza juu. Hazihitaji kalibu ya chuma, kwa hiyo askari kumi wa Buganda wanagharimu sawa na askari kumi wa Napoleon. Anayejua kuchonga kwa kompyuta leo anaweza kufanya kile ambacho viwanda vilikataa. Vaa glovu na fungua madirisha, rezini mbichi ni sumu kwa ngozi na mapafu.

Nichague kipimo gani?

Kama unataka sura na nguo zionekane, milimita 54 au 1/35. Kama unataka mitumbwi thelathini juu ya meza moja, 1/72.

Mimi ni mgeni kabisa. Nianze na nani?

Anza na mtu mmoja wa batalioni ya 4, Burma, 1944, kwa kipimo cha 1/35. Mavazi yake ni machache na sehemu zake zinanunulika. Kabla ya kufungua boksi, nenda kwenye makaburi ya vita ya Jinja usome majina kwenye mawe, kisha tafuta picha za KAR zilizohifadhiwa na Imperial War Museum na uzitazame polepole: namna kofia ilivyokunjwa, mikono ya shati ilivyopandishwa, panga lilivyofungwa ubavuni. Mpake matope hadi magotini. Kabaw ilikuwa tope tupu, na tope la kule ni hudhurungi ya kijivu, usitumie wekundu wa udongo wetu.